Shihab Alimgongea Nani

Mikunguni, Unguja
9 Novemba 2024

Ami yangu Marhun,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta kifua kimetulia, na kwamba Peninah anayekuuguza bado anakufichia chumvi kama daktari alivyotaka. Sisi huku ni wazima. Vuli imekuja kwa fujo, maji yakaingia mpaka stoo ya duka langu la dawa. Pamba na sindano zimeharibika, dawa nilizipandisha juu mapema. Kaburi la baba tumelisafisha. Yule paka wake bado hulala kwenye kiti chake, na hakuna anayethubutu kumwondoa.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako haipatikani. Nikipiga, anapokea Rahaf, mke wa mwanao, na kila mara husema baba amelala. Hata adhuhuri amelala. Nimempa barua mwenzake Peninah anayerudi huko kazini, aikabidhi mkononi mwako.

Jambo langu ni hili: nimeposwa. Umri wangu naujua, na najua nimeshaolewa nikaachika, kwa hiyo sitaki ngoma wala kadi. Nataka ndoa. Baba hayupo, kaka sina, walii wangu ni wewe peke yako. Kadhi anaomba ruhusa yako kwa maandishi na jina la mtu atakayekuwakilisha.

Mwanamume mwenyewe anaitwa Nabil, anauza vipuri vya magari hapo Ras Al Khor. Alikuja Unguja kwenye maziko, akaingia dukani kwangu kumnunulia mama yake dawa ya presha. Alibishana nami juu ya kipimo, akawa amekosea, akasema amekosea. Tangu hapo tunazungumza.

Anasema anakujua, tena huja kukuamkia kila Ijumaa baada ya sala. Mbona hukunitajia hata siku moja?

Nangoja neno lako.

Mwanao,
Ghania

*

Bur Dubai
2 Desemba 2024

Mwanangu Ghania,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa kila anayeniuliza. Barua nimeipata. Bahasha ilikuwa imebandikwa gundi mara mbili. Sisemi kitu, nakujulisha tu.

Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu asiyeweza kupanda ngazi. Lifti yetu ni ya kubahatisha. Ikikubali, Peninah hunishusha na kiti cha magurudumu, nikakaa mbele ya duka la vitambaa na kutazama watu wakichagua rangi. Mwenye duka hunipa chai na hunieleza magonjwa yake, nami humweleza yangu, tunatoka sare. Paka mwacheni. Baba yako Shakir alikuwa na huruma na wanyama kuliko na sisi nduguze.

Sasa nikuulize. Nani aliyewakutanisha hasa wewe na huyo Nabil? Maziko yale yalikuwa ya nani? Maduka ya dawa mjini ni mengi, kwa nini aliingia lako? Alijua wewe ni binti wa nani kabla hajaingia au baada? Je, ameshakuuliza habari za babu yako Faris, baba yangu?

Nauliza kwa sababu mtu mwenye shughuli zake haachi kazi Ijumaa akavuka mji kumtazama mzee asiye wa damu yake. Alianza kuja mwaka jana. Huniletea halua, hukaa kwa adabu, na huuliza mambo ya zamani. Upole wake ndio unaonitia shaka. Mtu mkali ungejua anataka nini.

Sijakataa, mwanangu. Nasema subiri. Na usimwambie kwamba nimekuuliza.

Ami yako,
Marhun bin Faris

*

Mikunguni, Unguja
5 Januari 2025

Ami Marhun,

Shikamoo. Mwaka umeingia salama. Karafuu mwaka huu ni haba, watu wote wamekasirika, na mimi nauza dawa za kichwa kuliko kawaida.

Nilikuomba jibu moja, umenirudishia maswali kama askari wa kituoni. Kama mwanamume huyu ni mlevi, niambie. Kama ana mke aliyemficha, niambie. "Subiri" si sababu.

Nilikwenda kwa Bi Nana, binamu yenu, kwa kuwa kichwa chake bado ni kizima kuliko cha wengi wetu. Kumtajia tu kwamba Nabil ni mtoto wa Bi Hala, akaweka kikombe chini.

"Hala binti Shihab?"

"Simjui baba yake, bibi."

"Utamjuaje, ulikuwa hujazaliwa. Huyo ni mjukuu wa Mgonga Bomba. Mwanangu, hata wanaume wakiisha duniani!"

Kisha akanisimulia. Kwamba wakati wa vita vya Hitla babu Faris na wenzake wa pwani walikuwa wachochea makaa katika meli ya Waingereza huko bahari ya Atlantiki. Kwamba mmoja wao, Shihab, alikuwa akipanda juu peke yake kila jioni na kugonga bomba la chuma, na kwamba kugonga huko kulikuwa kuwaita Wajerumani waliojificha chini ya maji. Nyambizi ikaja, meli ikazama, watu wetu wakafa. Shihab akafungwa hadi vita vikaisha. Aliporudi Unguja, watoto wakawa wanagonga makopo akipita, mpaka akahama na familia yake. Bi Nana anasema hata yeye aligonga kopo, na alisema hivyo akicheka.

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Ami, wewe ndiye msomi wa ukoo huu. Umesoma Leipzig, unajua Kijerumani, umefasiri mikataba. Unataka nami niamini kwamba mtu aliita nyambizi kwa kugonga bomba? Na hata kama aliita, Nabil amekosa nini?

Kadhi ameniambia kwamba walii akikataa bila sababu ya kisheria, yeye mwenyewe anaweza kunioza. Sijataka kulifikiria hilo. Sitaki kuolewa kama mtu asiye na kwao. Lakini usinilazimishe.

Ghania

*

Bur Dubai
20 Februari 2025

Mwanangu Ghania,

Nakuombea heri. Usinihesabie kuchelewa, nilikuwa hospitali. Maji yaliingia kifuani, wakayatoa, wakasema yatarudi. Daktari ni kijana mwenye adabu, hanifichi. Peninah analala kwenye kochi nje ya chumba changu. Jana kaniambia, "Mzee, wacha hiyo kalamu, utajimaliza." Nimemwambia kujimaliza ndiyo kazi iliyobaki.

Ile gundi ilikuwa ya yule mwenzake aliyeleta barua, bahasha ililowa na mvua akaibandika upya. Nilimshuku Rahaf bure, na kwa majuma kadhaa sikumjibu salamu yake ipasavyo. Nimemwomba radhi. Amenipikia uji.

Umeniuliza kama mtu anaweza kuita nyambizi kwa kugonga bomba. Nitakujibu kwa ninayoyajua.

Bandari ya Jebel Ali ilipokuwa ikijengwa, mwaka 1978, nilikuwa mkalimani wa Wajerumani waliofunga makreni. Mmoja wao, mhandisi mwenye nywele nyeupe, alikuwa kijana wa nyambizi wakati wa vita. Tulikuwa tukila pamoja kivulini, na siku moja nilipomwambia baba yangu alikuwa baharia wa Atlantiki, aliacha kutafuna.

Alinieleza doria yao. Majuma yalipita bila kuona chochote. Walilala kwa zamu kwenye kitanda kimoja, kwa hiyo unajilaza juu ya jasho la mwenzio lingali vuguvugu. Mkate uliota ukungu mweupe, wakawa wanaukwangua na kula. Nguo hazikauki, nafsi hazipendani. Watu wanadhani nyambizi hukaa chini ya maji siku zote. Alisema hapana, walikuwa juu muda mwingi, injini zikinguruma, na walinzi wanne wamesimama mnarani na darubini, kila mmoja na robo yake ya upeo wa macho, bila kugeuza shingo hata kumjibu mwenzake.

Nilimuuliza walipataje meli. Akasema, "Kwa moshi." Meli peke yake ikienda vizuri haina moshi mwingi, inaweza kupita usiione. Jioni moja, mwezi wa Septemba mwaka 1942, huko mbali magharibi mwa Afrika, jua likiwa limezama tu, aliona moshi mweusi umesimama kwenye mwanga kama mlingoti. Waliufuata, wakaizunguka meli gizani, wakaingoja mbele yake. Baada ya bomu walisikia kuta za ndani zikivunjika moja moja. Alisema sauti hiyo bado huja anapooga.

Nikamuuliza kama ingewezekana kumsikia mtu anayegonga chuma ndani ya meli. Alinitazama kama nimemfanyia mzaha. "Injini zetu zikinguruma, simsikii hata aliyesimama begani mwangu."

Basi, Shihab hakuita mtu. Umepata jibu. Sikumuuliza jina la meli ile. Niliogopa atalitaja.

Mkono umechoka.

Ami yako,
Marhun

*

Mikunguni, Unguja
14 Machi 2025

Ami Marhun,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nimesoma kuhusu kifua chako nikalia, sikufichi. Huku tunafunga vizuri, joto si kali. Bi Nana hafungi kwa amri ya daktari na anatusimanga sisi tunaofunga kwamba tuna sura mbaya.

Umenisimulia Mjerumani kurasa mbili. Babu Faris hukumsimulia hata mstari mmoja. Nimeliona hilo.

Sasa nikueleze kilichonitokea juzi. Stoo ya duka langu haina dirisha. Msichana wangu wa kazi, Huda, alikuwa humo anapanga dawa, mimi niko mbele. Kila jioni huniuliza kwa sauti, "Da Ghania, bado?" maana humo ndani hajui kama jua limetua. Juzi muadhini alipoanza nilikuwa na mteja, sikutaka kupiga kelele, nikagonga mlango wa stoo. Huda akafungua chupa ya maji. Mkono wangu ulibaki palepale mlangoni.

Nilitafuta Ramadhani ya mwaka 1942 ilikuwa lini. Ilianza katikati ya Septemba.

Wachochea makaa wako chini, mbele ya tanuri, hawaoni jua. Mtu mmoja anapanda juu kila magharibi, anatazama baharini, anagonga bomba linaloshuka kwa wenzake. Hakuwa akimwita Mjerumani. Alikuwa akiwaambia watu wa kwao wafuturu.

Ami, mtu hagongi bila wa kumsikia. Babu Faris ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachochea makaa, hilo Bi Nana ananiambia kwa fahari. Yeye alikuwa chini. Alisikia. Alijua Shihab anagonga nini. Wakati Shihab anafungwa, babu alikuwa wapi? Watoto walipokuwa wakigonga makopo, babu alikuwa wapi?

Na wewe, unajua tangu lini?

Nabil sijamwambia chochote. Ananipigia na kuniuliza kama nimekonda. Sijui tena ananiuliza kwa sababu gani. Umenifundisha kushuku, na nimekuwa mwanafunzi mzuri.

Ghania

*

Bur Dubai
6 Aprili 2025

Mwanangu Ghania,

Idi imepita, Mungu azipokee saumu zenu. Nilifuturu kila siku kwa kijiko, mkononi mwa Peninah, ambaye ni Mkristo na alikuwa akinionya kila dakika, "Bado, mzee, bado kidogo." Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kumtazama usoni.

Umefika ulipofika bila msaada wangu. Nitamalizia, kwa sababu maji yamerudi kifuani.

Yule Mjerumani aliponiambia habari ya moshi, nilikwenda nyumbani jioni ileile. Baba alikuwa akiishi nami hapa Bur Dubai, alikuwa akipunga hewa kwenye roshani. Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye moshi mweusi wa jioni, akageuka upande wa pili.

Nikamuuliza, "Baba, Shihab alikuwa akigonga nini?"

"Wewe siku hizi umeajiriwa na Wajerumani au na polisi?"

"Alikuwa akigonga nini?"

"Futari."

"Nani alimtuma?"

Alikung'uta kanzu yake. Kisha akasema, "Mimi."

Ilikuwa hivi. Mwingereza aliwakataza kuacha tanuri, lakini watu walikuwa wamefunga, kwenye joto la kupikwa. Baba akapanga kwamba Shihab, aliyekuwa na macho mazuri na aliyejua kutazama jua, apande juu, na akigonga bomba, wote waache koleo, wakae chini wafuturu pamoja kama watu, si mmoja mmoja kama mbwa. Hayo ni maneno yake. Walipokuwa wakila tende na kunywa maji, moto ulilegea. Wakiinuka, ili mhandisi juu asione nguvu imeshuka, walitupa makaa mengi kwa pamoja. Makaa mengi juu ya moto uliolegea hutoa moshi mweusi. Kila magharibi, mwanangu, kwa saa ileile. Na kila mchochea makaa analijua jambo hilo. Baba alilijua kuliko wote.

Usiku ule walizamishwa. Wengi wa waliokuwa chini hawakutoka. Waliotoka walipelekwa bandari moja ya Afrika Magharibi, na ofisa akawauliza mmoja mmoja. Baharia mmoja alikuwa amesema amemwona Shihab akigonga. Ofisa akamuuliza baba, aliyekuwa mkubwa wa Shihab, mtu wake alikuwa akigonga nini.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nilisema sijui."

"Na Shihab hakujieleza?"

"Alijieleza. Alisema, muulizeni Faris. Wakaniuliza. Nikasema sijui."

Nikamwambia, baba, hiyo ilikuwa vita, uliogopa. Baada ya vita je? Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni: "Baada ya vita nilikuwa nimeshakuwa mtu anayepishwa njia."

Akaniomba yabaki baharini. Mwaka wa pili wake akafa. Mimi nikayabakisha. Nilikuwa mkalimani, kazi yangu ilikuwa kusema maneno ya watu wengine bila kupunguza, na haya niliyameza yote. Shihab bado alikuwa hai, hapa hapa Dubai kwa binti yake. Nilipajua nyumbani kwake. Nilipita na basi mbele ya mlango ule kwa miaka.

Nabil alipoanza kuja, nilidhani ananiwinda. Wewe uliponiandikia umeposwa naye, nikapata hakika. Nikakuchelewesha, nikitumai nitakufa kwanza na kadhi atakuoza bila mimi, nami sitakuwa nimesema kitu. Huo ndio ukweli wa kila "subiri" niliyokuandikia.

Ruhusa nitakupa. Sasa unajua kwa nini nilisita kuitia mkono.

Marhun

*

Mikunguni, Unguja
28 Aprili 2025

Ami,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa. Babu nilimpenda. Picha yake iko ukutani kwangu na sijaiondoa, lakini nimeihamisha, haitazami tena sebule.

Nilimpigia Nabil. Nilimwambia neno moja tu, futari. Akasema, "Kwa hiyo mzee amesema."

Wanajua, Ami. Wamejua siku zote. Shihab alimweleza binti yake alivyomweleza ofisa, na hakuaminiwa popote nje ya mlango wake mwenyewe. Halua zote zile za Ijumaa zilikuwa za kungoja umwambie.

Ndipo nikamuuliza swali ulilonitia moyoni tangu Desemba. "Uliingia dukani kwangu kwa sababu ya dawa, au kwa sababu mimi ni mjukuu wa Faris?"

Akajibu, "Mwanzo, kwa sababu ya Faris."

Nikakata simu. Amepiga mara nyingi, sijapokea.

Mambo yangu na yeye niachie mimi. Yako ni haya: usinitume kwa Bi Hala. Usimtume Nabil wala usimpe Peninah karatasi. Shihab alisema muulizeni Faris. Faris hayupo, uliyepo ni wewe. Nenda.

Ghania

*

Bur Dubai
17 Mei 2025

Mwanangu Ghania,

Salamu kwako na kwa jamaa wote. Rahaf naye anakusalimu, ndiye aliyenishonea kifungo cha kanzu kwa safari hii.

Nimekwenda.

Nabil alitaka kunichukua kwa gari yake, nikakataa, sikutaka kufika nikiwa mgeni wake. Tulipanda teksi na Peninah. Nilipomweleza tunakwenda kufanya nini, alinitazama na kusema, "Kuomba msamaha na hiyo kanzu iko na doa ya supu? Ngoja." Tukachelewa kwa sababu ya kanzu.

Bi Hala anakaa Rashidiya. Ni mdogo wangu kwa miaka michache, mnene, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa amekaa kwenye kochi na miguu juu ya kiti kingine.

"Karibu, Marhun bin Faris. Umechelewa."

"Kulikuwa na foleni."

"Sizungumzii foleni."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nikayaacha. Nilisema: baba yako aligonga kwa sababu baba yangu alimtuma. Aliwagongea wenzake futari. Moshi ulioonekana ulitokana na moto aliouacha baba yangu. Alipoulizwa, alisema hajui, na alijua. Nami nimejua tangu mwaka 1978.

Hakulia, na hakunikaribisha kahawa. Alisema, "Nimekusikia. Sasa ngoja, Afra yuko njiani na watoto."

Afra, binti yake, aliingia. Bi Hala akasema, "Mwambie." Nikasema upya. Wakaja wajukuu wawili kutoka shule. "Waambie na hawa." Nikasema. Kijana mmoja alitoa simu anirekodi, bibi yake akamzuia: "Weka hiyo. Sikiliza na masikio." Pumzi zilikuwa zinanikatika, Peninah akaanza kusema mzee amechoka, nikamwomba aniache. Akaja jirani, mwanamke wa Kimombasa, kuazima blenda. Ghania, nilimwambia na jirani.

Mwisho Bi Hala alinieleza jambo moja. Baba yake hakuacha kufunga mpaka alipokufa, lakini tangu alipotoka kizuizini hakufuturu tena na watu. Alikuwa akiingia chumbani na kufunga mlango, na mama yao akimwachia tende kwenye kisahani nje. Walipokuwa watoto walidhani wanaume wote hufanya hivyo.

Hakusema amenisamehe. Nami sikuomba, kwa kuwa mwenye kusamehe ni Shihab, naye amezikwa kabla baba wala mimi hatujamwomba. Nilipoondoka, Nabil alinisukuma kiti mpaka kwenye teksi. Nilimtazama kwa mara ya kwanza bila kutafuta anataka nini. Ana uso wa mtu asiyelala.

Ruhusa nimeiandika na kuitia mkono, mashahidi wamesaini. Imo humu. Awe wakili wangu yeyote unayemtaka, na kama humtaki tena Nabil, ichane. Sina haki ya kukushauri.

Ami yako,
Marhun

*

Mikunguni, Unguja
1 Juni 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Jirani wa blenda amenichekesha mpaka Huda akaja kuona nina nini. Nilimweleza, naye hakuona cha kucheka, akaniuliza kama Ami hajambo. Basi nakuuliza: hujambo? Jibu la kweli.

Nimekwenda kwa Bi Nana nikamweleza yote. Alikasirika nami, kisha na wewe, kisha na babu. Nilipokuwa nachukua mtandio wangu aliuliza yule Hala anapenda nini, amtumie kitu. Nimemwambia hapendi kutumiwa vitu, anapenda watu waje.

Nabil nimempokea simu. Sikumwachia aombe radhi. Nilimwambia: nimeulizia habari hii kwako, kwa Bi Nana na kwa Ami, na kabla yangu aliulizia ofisa wa Kiingereza. Katika watu wote, wewe ndiye pekee uliyejibu ulipoulizwa mara ya kwanza, tena jibu lililokudhuru. Nikamuuliza la pili: mwanzo ilikuwa Faris, na sasa? Alijibu hilo pia. Hilo sikuandikii.

Kwa hiyo nitaolewa naye. Lakini karatasi yako siitaki, nimeirudisha kwenye bahasha hii. Ukoo wetu umeozesha na kuzika watu kwa kunyamaza muda wa kutosha. Nimefunga duka, nimekata tiketi, nakuja wiki ijayo, na barua hii nimempa abiria wa leo ikutangulie. Bi Hala amekubali ndoa iwe kwake.

Utaletwa pale na Peninah, na kanzu isiyo na doa, na mtungi wa hewa kama daktari akitaka. Utamshika Nabil mkono mbele ya watu wake wote, na utasema kwa sauti ya kufika mlangoni: mimi Marhun bin Faris namuoza binti wa kaka yangu kwa mjukuu wa Shihab. Ulitaje jina hilo. Kadhi atashangaa, maana si kawaida kumtaja babu wa upande wa mama. Mwache ashangae, na akikuuliza sababu, mjibu.

Mwanao,
Ghania binti Shakir